Mtaa uko ufukweni, kura ziko Nairobi

Chama cha wenye ploti ninachotaka kukijadili kina mtaa wake kusini mwa Pwani, kaunti ya Kwale, na kina mkutano mkuu wake hapa Nairobi. Hakuna aliyepanga njama. Wengi wa wenye hatimiliki wanaishi Lavington, Kileleshwa, South C na Syokimau. Wengine wako ughaibuni na hupitia Nairobi wanapokuja kuwaona wazazi. Kuwakusanya kule baharini ni kazi, akidi haitimii, na bila akidi hata ada ya mwaka haipitishwi. Basi miaka nenda miaka rudi, Jumamosi moja kabla ya likizo ya Disemba, ukumbi wa hoteli hukodishwa Westlands, chai ya maziwa na sambusa huandaliwa, na mambo ya mtaa ulio kilomita mia tano hivi kutoka hapo hupigiwa kura kabla ya chakula cha mchana.

Mimi huenda kwa niaba ya shangazi yangu, aliyenunua ploti ya mstari wa pili kutoka baharini enzi ambazo mwalimu mkuu mstaafu aliweza kununua ploti Pwani. Kura yake ni moja, sawa na ya mwenye jumba la kifahari mstari wa kwanza, na hilo ni jambo la kupongezwa. Kuna vyama ambavyo kura hupimwa kwa ukubwa wa ploti.

Lakini baada ya kuketi mara kadhaa katika ukumbi ule, nimefikia maoni ambayo huenda yasiwafurahishe wenzangu. Chama cha namna hii hakihesabu watu. Kinahesabu hati. Kwa mambo fulani hesabu hiyo ni halali kabisa. Kwa mengine ni dhuluma, hata kama kila aliyemo ukumbini ni mstaarabu, mwenyekiti anajua kanuni za kikao, na kumbukumbu zimeandikwa kwa ufasaha.

Chama kwanza kipewe haki yake. Lori la taka la kaunti hupita siku linapopita, na katikati ya siku hizo mbwa na kunguru huwa wamekwisha kufungua mifuko. Chama kimeajiri mkokoteni na vijana wawili, na mtaa ni safi. Kimeweka taa. Kimewaajiri walinzi wa usiku na kuwanunulia makoti ya mvua, jambo ambalo kampuni nyingi za ulinzi hulisahau. Kimenunua pampu ya maji kwa sababu ya mapaa ya makuti. Paa la makuti likishika moto wakati upepo umeamka, cheche hazisubiri kuona ni ploti ya nani inayofuata. Miaka michache iliyopita kilipitisha pia kwamba taa zinazoelekea baharini zipunguzwe mwanga usiku, kwa maana kasa hutaga mchangani na watoto wao, wakianguliwa, hufuata mwanga wakidhani ni bahari. Taa kali ya ukutani huwapeleka bustanini badala ya majini. Wenye majumba ya kukodisha walinung'unika, wakisema wageni wanapenda mwanga. Chama kikashikilia. Mtu mmoja mmoja asingeweza kufanya hivyo, na serikali isingefika kwa haraka hiyo.

Kwa hiyo sisemi vyama hivi vifutwe. Nauliza vinamwakilisha nani.

Tazama ni nani hulala katika mtaa ule mwezi wa Mei, wakati mvua za masika zinanyesha na Wanairobi wako Nairobi. Ni watunza nyumba na familia zao katika vyumba vya nyuma. Ni wapishi, wafua nguo, walinzi. Ni wapangaji wa mwaka mzima: mwalimu wa shule ya kibinafsi, muuguzi, fundi wa viyoyozi, wazungu wawili watatu wastaafu. Nyuma ya mstari wa pili kuna kijiji kilichokuwepo kabla ya ploti kukatwa, na vijana wake ndio wavuvi, ndio madereva wa bodaboda, ndio wauza madafu. Hao wote, ukiwajumlisha, ndio mtaa kwa miezi kumi kati ya kumi na miwili. Kwenye daftari la chama hawamo hata mmoja. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Katika mtaa huu asiyekuwepo ndiye mwenye lake lote.

Si kwamba hatujui njia nyingine ya kuhesabu. Nyumba Kumi, mpango wa usalama ulioanzishwa 2013, huhesabu kwa mlango: unalala wapi, jirani yako ni nani. Mpangaji na mwenye nyumba ni sawa mbele yake, angalau kwa nadharia. Vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi wenyewe huviita BMU, viliwekewa kanuni zake 2007, na humo mtu huingia kwa kazi anayoifanya katika bandari ile. Mwenye chombo ana nafasi kwenye kamati, na baharia asiyemiliki hata kasia ana nafasi, na mama anayenunua samaki ufukweni na kwenda kuwakaanga naye ana nafasi. Wavuvi, watu ambao ukumbini Westlands huzungumziwa kana kwamba hawajui kujipanga, wamekubali katika taratibu zao kwamba kumiliki na kufanya kazi ni mambo mawili na yote mawili yana sauti. Sisi wenye shahada hatujafika hapo.

Njia ya kuteremkia baharini ndipo jambo hili linapouma.

Kati ya ploti mbili za mstari wa kwanza kuna njia nyembamba, ua wa mkwamba upande mmoja na ukuta wa mawe ya matumbawe upande wa pili. Ndiyo njia pekee ya kutoka kijijini kwenda ufukweni bila kuzunguka mbali. Baada ya wizi wa mara mbili katika majumba ya kukodisha, mkutano mkuu ulipitisha lango. Kamati ikapanga yaliyobaki: lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, lifungwe saa kumi na mbili jioni, na kila apitaye aandike jina, nambari ya kitambulisho na shughuli yake. Azimio la lango lilipita kwa mikono iliyonyooshwa, bila hata mmoja kupinga. Nami sikupinga.

Baadaye nililiona daftari lenyewe, likiwa limefungwa kwa kamba kwenye meza ya bawabu, kalamu imening'inia. Safu ya shughuli inasomeka hivi kuteremka ukurasa mzima: kuvua, kuvua, kuvua, pweza, kuvua, pweza, kuvua. Mmoja ameandika "bahari". Bawabu hakuona kosa.

Sasa hebu tuweke saa za lango kando ya saa za maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3, na maji hutoka sana mnamo saa nne au saa tano, mchana na usiku. Hapo ndipo wanaotafuta pweza hutembea juu ya mwamba. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kupwa huangukia alfajiri na jioni. Wenye mitego ya dema huenda kuitazama kwa saa hizo, na wenye ngalawa hutoka kabla jua halijachomoza ili wawahi upepo. Hakuna lango la saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili linaloweza kuafikiana na ratiba hiyo. Anayejua haya ni mtu aliyewahi kuingia majini kutafuta riziki, na mtu huyo hakuwa Westlands siku ile.

Sheria nayo haina utata mkubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaorodhesha ardhi ya umma, na ndani ya orodha hiyo imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Ardhi hiyo iko mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Hakuna ploti ya ufukweni, hata iwe ya nani, inayoweza kuumiliki ufuo wenyewe. Matangazo ya ploti husema "ufuo wako binafsi", na wanunuzi huamini kwa sababu wamelipa pesa za kuamini. Orodha hiyo hiyo ya kifungu cha 62 inataja pia barabara na njia zilizowekwa kwa mujibu wa sheria. Njia ikiwa kwenye ramani ya soroveya, ni ya umma, na chama hakina mamlaka ya kuifungia. Kama haimo kwenye ramani kwa sababu mkataji wa ploti aliisahau, au alilipwa ili aisahau, basi tunarudi kwenye swali la zamani zaidi.

Hilo la zamani halikwepeki Pwani. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa maili kumi wa Pwani wajitokeze na kuyathibitisha. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Jamii ambazo umiliki wake ulikuwa wa ukoo, wa kaya, wa mtu kujua mnazi huu ulipandwa na babu gani, hazikuwa na karatasi za kupeleka. Ndivyo watu walivyogeuka maskwota kwenye mashamba ya mababu zao. Baada ya Uhuru ugawaji ukaendelea kwa mikono mingine, na tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa 2003 na kutoa ripoti yake 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma kote nchini ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Simaanishi kwamba shangazi yangu ni mwizi. Alinunua kwa pesa za akiba na stakabadhi anazo. Ninachosema ni kwamba katika pwani hii hati haijawahi kuwa kipimo safi cha nani ni wa mahali pale, na kuifanya kuwa kipimo cha pekee cha nani anapiga kura ni kulirudia kosa la 1908 kwa heshima zaidi.

(Diani, huko huko Kwale, kwa wasiopajua, kuna ngazi za kamba zilizotandikwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kukanyagwa na magari. Shirika la kuwahifadhi liko pale tangu 1997 na linafanya kazi nzuri. Nilimsikia mzee mmoja wa kijijini akiuliza kama na yeye anaweza kutundikiwa yake ya kushukia baharini.)

Suala la ukuta wa bahari ni la namna nyingine, na humo nawatetea wenye ploti kuliko wanavyojitetea wenyewe. Kusi linapovuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, mawimbi hula mchanga. Mwenye ploti akiona mnazi wake umeanguka, hujenga ukuta. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima halipotezi nguvu. Hurudi na mchanga wa chini ya ukuta, na pembeni ukuta unapoishia huchimba kwa jirani. Jirani naye hujenga. Baada ya miaka michache mstari mzima una kuta, na maji yakijaa siku za bamvua hugusa mawe moja kwa moja, yaani hakuna mchanga wa kupita. Ufuo wa umma umefutika pasipo mtu kuunyakua. Hapa ndipo chama kinapohitajika kweli, kwa maana hakuna mwenye ploti mmoja anayeweza kuacha kujenga huku wenzake wakijenga. Mpango wa pamoja, mtaalamu mmoja, tathmini moja ya mazingira iliyopelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira, badala ya kumi zilizonakiliwa, mikoko na mimea ya mchangani kupandwa pale inapokubali: chama tu ndicho kinaweza kuwakalisha watu chini kwa haya.

Kilifanyika nini? Picha zilioneshwa ukutani, mnazi ulioanguka, ngazi iliyobaki ikining'inia hewani. Watu wakashtuka. Kila mmoja akaruhusiwa kujenga kwa gharama zake. Hakuna aliyeuliza mchanga ulikuwa umefika wapi mwezi Januari, wakati wa kaskazi, ambapo sehemu yake hurudi. Watunza nyumba wanajua. Wanaiona bahari ile kila asubuhi. Lakini mtunza nyumba huulizwa kuhusu bili ya stima na pampu ya bwawa, haulizwi kuhusu bahari.

Maji ya visima nitayataja kwa ufupi. Ukivuta maji kupita kiasi karibu na bahari, chumvi huingia kisimani, na mwamba wa matumbawe ni wa vitundu, kwa hiyo kinachotoka kwenye shimo la choo hakikai mbali na kisima. Mabwawa ya kuogelea ya mstari wa kwanza na ndoo za kijiji zinategemea maji yale yale ya ardhini. Ajenda ya mkutano wa mwisho ilikuwa na kipengele cha "ubora wa maji ya bwawa".

Sasa turudi Nairobi, kwani msomaji wa Kilimani huenda anafikiri haya ni ya Pwani.

Nairobi vyama hivi ni vya siku nyingi. Kile cha Karen na Lang'ata kilianza 1940, enzi ambazo mji uligawanywa kwa rangi, na kimeishi kupita watawala wote waliofuata. Mitaa mingine imefuata: vizuizi vya chuma kwenye barabara zilizojengwa kwa kodi ya umma, kijana wa bodaboda anayeleta dawa anaacha kitambulisho getini, mama mboga anapewa saa za kuingia. Ghorofa nazo zina Sheria ya Mali za Yuniti ya 2020, na chini yake shirika la jengo ni la wenye yuniti. Mpangaji hulipa ada ya huduma ndani ya kodi yake, huvumilia jenereta ya usiku na lifti mbovu, na hana kura. Mwenye yuniti yuko Dallas au Doha, na kura yake hufika kwa barua pepe.

Wapangaji wa Kileleshwa wanalijua hili na wanalipigia kelele, na wako sahihi. Ila wengi wao ndio hao hao ninaokutana nao Westlands. Mtu ni mpangaji Jumatatu hadi Ijumaa, analalamika kwamba kamati ya jengo imepandisha ada bila kumuuliza. Jumamosi anavaa fulana ya polo, anakuwa mwenye mali, na anapiga kura kumfungia lango mtu ambaye hakuulizwa. Nimemsikia jamaa mmoja akifanya yote mawili ndani ya kikombe kimoja cha chai. Hakuona mgongano wowote, na sidhani kwamba ni mnafiki. Kanuni tuliyozoea inasema sauti ni ya mwenye hati, na kila mmoja wetu huiona ni mbaya pale tu ambapo hana hati.

Najua jibu litakalotolewa, nimelisikia mara nyingi: anayelipa ndiye anayeamua. Ni jibu zito. Taka zinazolewa kwa pesa za nani? Walinzi wanalipwa na nani? Ukimpa kura asiyelipa, atapiga kura ya kutumia pesa za wengine.

Nakubali kwa yale yanayolipiwa. Mshahara wa mlinzi, aina ya taa, kampuni ya taka, ukaguzi wa hesabu, hayo ni ya wanaochanga na yabaki kwao. Lakini tusikuze mchango ukafanana na kodi. Katiba, kifungu cha 209, imeipa kaunti mamlaka ya kutoza ushuru wa ardhi na majumba, haikukipa chama. Kifungu cha 36 kinasema hakuna mtu atakayelazimishwa kujiunga na chama cha aina yoyote. Tunachotoa ni michango ya hiari, na pale hati ilipoambatana na masharti, ni mkataba. Mchango wa hiari haununui barabara ya umma. Haununui ufuo. Mtu anaweza kulipa ada yake kwa miaka thelathini bila kukosa na bado asiwe na haki ya kumuuliza mvuvi jina lake anapoelekea baharini.

Kwa hiyo pendekezo nililoliandika na kuliwasilisha kwa katibu ni la kugawa ajenda. Upande mmoja, mambo ya mifuko yetu. Upande wa pili, mambo yanayogusa njia, ufuo, maji ya ardhini na mwanga wa usiku. Hayo yasipigiwe kura Westlands hata kidogo. Yapelekwe mtaani, kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo nyuma ya mstari wa pili, mbele ya chifu, BMU, watunza nyumba, wapangaji na yeyote anayelala pale. Chama kiwe na sauti humo kama mkazi mmoja kati ya wengine. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 imekwisha kutoa nafasi kwa mabaraza ya wakazi, na Diani ina manispaa yake; hatuhitaji kubuni chombo kipya. Siku ya baraza ichaguliwe kwa kutazama maji, isiwe siku ya bamvua ambayo wavuvi wako kazini.

Gharama? Treni ya Madaraka kutoka Syokimau hadi Miritini, Mombasa, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Ukumbi wa Westlands kwa nusu siku, pamoja na sambusa, ungelipia tiketi za kamati nzima kwenda na kurudi na chenji ibaki. Wanaosema safari ni ndefu ndio hao wanaosafiri kila Pasaka.

Katibu alinijibu kwa adabu. Alisema kubadilisha katiba ya chama kunahitaji theluthi mbili ya wanachama, na kwamba wanachama watataka kwanza kujua kama hao wengine wanataka kuketi nasi. Swali zuri. Nikashuka Pwani, nikamtafuta mwenyekiti wa wavuvi, tukaketi chini ya mkungu anakoshonea nyavu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kushona. Kisha akasema wao wana baraza lao, wana chifu, wana mikutano ya kutosha, na hawana hamu ya kuongezewa mwingine na watu wa Nairobi. Wakitaka kuja waje, watapewa viti. Lakini lango lifunguliwe kwanza, ndipo waongee.

Nadhani ana haki, na nadhani amenionesha kasoro ya pendekezo langu: linamtaka mtu aliyefungiwa njia aje kujadiliana kuhusu kufunguliwa. Lango liliwekwa kwa azimio la mkutano, ndiyo, lakini saa zake zilipangwa na kamati katika barua ya kurasa mbili kwa bawabu, bila theluthi ya mtu yeyote. Barua ya pili inaweza kuandikwa kesho asubuhi: lango liwe wazi saa zote, daftari liondolewe, mlinzi abaki na taa yake. Katibu ana nambari ya bawabu kwenye simu.